Dakika 75 kati ya ndege mbili: kuna muda wa kula kweli?

#1 Njiapanda

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki ijayo nina safari ya ndege mbili. Ya kwanza inaondoka asubuhi, saa tatu angani, na ni ya wale wanaouza hadi maji ya kunywa. Ya pili inakaa angani saa nane na ushee. Hiyo ina chakula, ila wenye uzoefu mnajua trei haifiki mpaka ndege itulie juu, mikanda ifunguliwe, vinywaji vipite, ndipo wakukumbuke wewe uliyekaa nyuma. Katikati nina dakika 75 kwenye uwanja ambao sijawahi kuukanyaga. Tiketi inasema kufika saa 5:40 asubuhi, kuondoka saa 6:55 mchana.

Nikipiga hesabu, nisipokula hapo katikati nitakuwa nimekaa tangu usiku wa kuamkia safari mpaka alasiri bila kitu tumboni. Na mimi nikiwa na njaa nagombana hata na mkanda wa kiti.

Swali langu: dakika 75 zinatosha kukaa mgahawani kama mtu, sahani mbele yangu, kisha nikaingia ndege ya pili bila mbio? Tafadhali msiniambie "beba biskuti". Biskuti si chakula.

#2 Begi Moja

Mleta uzi, hizo 75 ni za kwenye karatasi tu. Tuzipunguze pamoja.

Ndege ikitua inazunguka uwanjani dakika kama 10 mpaka isimame. Mlango ukifunguliwa, wewe wa nyuma unangoja wenzako washushe mabegi yao kana kwamba wanahama nyumba: dakika 10 nyingine. Kutembea na kupita ukaguzi weka 15, na hapo nimekuhurumia. Geti la ndege ya pili linafungwa dakika 20 kabla ya kuondoka. Jumla ni 55. Umebaki na 20.

Ndani ya hizo 20 utafute mgahawa, uagize, usubiri, ule, ulipe, uende na chooni. Sahani na uma uvisahau.

#3 Kiti 34K

Sikiliza Begi Moja. Mimi niliwahi kuachwa na ndege, na sikuachwa kwa sababu ya chakula. Niliachwa kwa sababu ya BILI.

Nilikuwa na saa moja na nusu. Nikakaa, nikaagiza supu, ikaja haraka, nikainywa taratibu, nikajisifu moyoni kwamba nina muda wa kumwaga. Nikainua mkono niletewe bili. Mhudumu akatabasamu, akaenda. Hakurudi. Nikamfuata mwingine, akasema meza ile si yake. Yule wa kwanza alipojitokeza, mashine ya kadi ikawa inatafuta mtandao. Nilipofika getini mlango ulikuwa umefungwa, na ndege naiona pale nje kupitia kioo, iko palepale! Nimebisha, nimebembeleza, wapi.

Tangu siku hiyo nalipa wakati naagiza. Kama ni mgahawa wa kukaa mezani, namwambia mhudumu tangu mwanzo: niletee chakula na bili kwa pamoja, nina ndege. Hakuna anayeshangaa, wamezoea.

#4 Mlinda Lango

Nimefanya kazi getini miaka mingi, naomba nisahihishe kidogo, maana Begi Moja amemwonea mleta uzi dakika 10.

Saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kusimama kwenye maegesho yake. Si ya matairi kugusa lami. Kule kuzunguka uwanjani kumeshahesabiwa ndani. Vivyo hivyo saa ya kuondoka ni ya ndege kuanza kusogea kutoka maegesho, si ya kupaa. Kwa hiyo Njiapanda ana kama 30 mkononi, si 20, iwapo ndege ya kwanza itafika kwa wakati. Iwapo.

Lakini saa 6:55 isikudanganye. Saa yako wewe ni ile ya geti kufungwa. Mashirika yanatofautiana: wapo wa dakika 10, wapo wa 15, wapo wa 20, na mara nyingi imeandikwa kwenye pasi ya kupandia ndege, ila kwa herufi ndogo chini ya ile saa kubwa ambayo kila mtu anaikariri.

Kiti 34K, pole, lakini nikueleze kwa nini hukufunguliwa ingawa ndege uliiona. Geti likifungwa kazi haijaisha. Tunahesabu vichwa, tunalinganisha na orodha, karatasi ya uzito na mizani inakamilishwa ili rubani ajue kimebebwa nini na kimekaa wapi. Kukurudisha wewe ni kufungua hesabu yote upya, na ndege ikipitwa na nafasi yake ya kuruka inaweza kusubiri muda mrefu na watu wote ndani.

Na kuna wanaojipa moyo: "begi langu limo tumboni mwa ndege, hawawezi kuniacha". Wanakuacha, na begi wanalishusha. Baada ya kulipuliwa kwa ndege za Air India 182 mwaka 1985 na Pan Am 103 mwaka 1988, ambako mabomu yaliingia ndani ya mabegi yasiyo na wenyewe ndani ya ndege, utaratibu ulikazwa: abiria asipotokea, begi lake haliruki. Kulitafuta begi lako kunachukua muda, ndiyo maana utasikia jina lako likiitwa kwa sauti ya mtu aliyechoka. Na siku hizi viwanja vingi haviiti majina ukumbi mzima. Usipokuwa jirani na geti hutasikia kitu.

Ushauri wangu ni mmoja: nenda getini KWANZA. Lione kwa macho, kisha ndipo urudi kutafuta chakula jirani na hapo.

#5 Njiapanda

Mlinda Lango, umenifungua macho na umenitisha kwa wakati mmoja. Asante. Sasa hivi nimeitoa pasi ya safari ya mwaka jana nikaiangalia. Kweli ipo! Geti kufungwa dakika 15 kabla. Nimeruka miaka yote hii sijawahi kuisoma.

#6 Kipepeo wa Usiku

Naheshimu kazi ya Mlinda Lango, lakini "geti kwanza" imewahi kunilaza na njaa. Nilifika getini mapema kama mwanafunzi bora. Geti lenyewe lilikuwa kwenye jengo la pembeni, unafika kwa treni ya ndani. Kule kulikuwa na viti, vyoo, na mashine moja ya kuuza soda ambayo ilikula sarafu yangu ikanyamaza. Migahawa yote imebaki nyuma. Kurudi ni dakika 12 kwenda, 12 kuja. Nikaketi nikatazama mvua.

Halafu kuna viwanja ambavyo ukaguzi wenyewe uko mlangoni pa geti. Changi ya Singapore, kwa mfano, kwenye majengo yake makubwa unazunguka madukani na chupa yako ya maji bila shida, kisha ukifika getini ndipo unapita kwenye mashine. Maji uliyonunua sasa hivi yanaishia kwenye pipa. Na ukishaingia kile chumba cha kusubiria, chakula kimebaki nje.

Kwa hiyo mimi nasema kinyume: kula pale unapokiona chakula, mradi saa inaruhusu.

#7 Mlinda Lango

Dada Kipepeo (kama ni kaka nisamehe), hapo umenishika. Kwetu ukaguzi uko mbele, geti liko wazi, nikasahau kwamba si kote hivyo.

Basi niiseme upya. Kinachoharibu mlo wa kuunganisha ndege si umbali. Umbali unapimika: mabango mengi yanaandika kabisa dakika ngapi kwa miguu. Kisichopimika ni FOLENI. Foleni ya ukaguzi, foleni ya pasipoti. Leo dakika 4, kesho 40, kutegemea ndege ngapi kubwa zimetua pamoja na yako. Kwa hiyo jiulize foleni yako ya mwisho iko wapi. Ukishaipita, muda uliobaki ni wako kweli, unaweza kuugawa. Kabla ya kuipita, hata uwe na saa mbili, ni muda wa kukopa.

Kula baada ya foleni ya mwisho. Isipokuwa kama baada yake hakuna chakula, kama huko kwa Kipepeo. Hapo nunua kabla, kitu cha kubeba, na upande nacho.

#8 Kipepeo wa Usiku

Dada, ndiyo. Na hapo tumekubaliana.

#9 Mgeni Humu

Samahani naingilia uzi wa mtu. Mimi naunganisha ndani ya Marekani, nina saa mbili kamili. Foleni yangu ya mwisho ni ipi?

#10 Begi Moja

Mgeni Humu, wewe una foleni nyingi. Marekani haina ile ya kubaki upande wa kimataifa ukabadilisha ndege tu. Unayetokea nje ya nchi hiyo, kwenye uwanja wa kwanza unapita uhamiaji hata kama unaelekea nchi nyingine. Kisha unachukua begi lako, unapita forodha, unalikabidhi tena begi, halafu unarudi ukaguzi wa usalama kama ndiyo kwanza umetoka nyumbani. Zipo nchi chache ambako wanakufanyia uhamiaji wao kabla hujapanda, uwanja wa Dublin na wa Abu Dhabi ni mfano, hapo ukifika unatoka kama abiria wa ndani. Kama hutokei huko, usifikirie chakula mpaka upite ukaguzi wa pili. Saa zako mbili zinaweza kubaki dakika 25, au zikabaki saa nzima, hutajua mpaka ufike.

Na usiingie na tunda ulilopewa ndani ya ndege ukijua utalila ukingoja. Lile tufaha la kwenye trei ulile hukohuko au liache kwenye kiti. Likikutwa begini hujalitangaza, unaweza kupigwa faini kwa tufaha ambalo hata hukulinunua.

Kwa wanaoingia Ulaya ya Schengen (nchi zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao): pasipoti inakaguliwa uwanja wa kwanza wa Schengen unaokanyaga, si ule wa mwisho. Kwa hiyo ukiunganisha Frankfurt kwenda mji mwingine wa ndani ya Schengen, foleni ya pasipoti iko Frankfurt. Migahawa mizuri unaiona kabla yake, inakuita. Ipite. Vuka pasipoti kwanza.

#11 Mama Pacha

Nimesoma wote mnahesabu dakika kama wahasibu. Mimi nina watoto wawili wa umri mmoja, wote wanalia kwa sauti moja. Nikisema nisubiri foleni ya mwisho tutakuwa tumeshafukuzwa uwanjani. Njiapanda hataki kusikia, lakini chakula cha uhakika ni ulichokibeba mwenyewe.

Watu wengi wanaogopa kwamba chakula hakipiti ukaguzi. Kinapita. Kinachokatazwa ni vimiminika na vinavyofanana navyo zaidi ya mililita 100 kwa chombo, tangu ile Agosti 2006 walipogundua njama ya vilipuzi vya maji kule Uingereza. Baadhi ya viwanja vimenunua mashine mpya na vimelegeza, ila wewe unapita viwanja viwili, na cha pili hakijui cha kwanza kilikuruhusu nini. Fuata kilicho kikali.

Mtego uko kwenye neno "vinavyofanana navyo". Mtindi ni kimiminika. Mchuzi ni kimiminika. Jibini laini, jemu, asali, hivyo vyote. Siagi ya karanga pia! Wamarekani wanaiandika wazi kabisa. Niliwahi kunyang'anywa kopo zima, nikaambiwa kwa upole kwamba kama ningeipaka kwenye mkate ingepita. Basi siku hizi naipaka nyumbani. Maziwa ya mtoto na chakula chake wanaruhusu zaidi ya hapo viwanja vingi, ila uyatoe uwaonyeshe, usiwaache wayagundue.

Chupa ya maji nabeba tupu, naijaza baada ya ukaguzi. Ninachobeba: mkate uliopakwa kitu kikavu, karanga, ndizi ambazo hazijaiva sana maana zilizoiva hufika uji, karoti zilizokatwa. Vya kupikwa naviogopa. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, vijidudu vimeshaanza sherehe. Hesabu kutoka jikoni kwako mpaka uwanja wa pili uone ni saa ngapi. Na yai la kuchemsha, jamani, ndani ya ndege... tuoneane huruma.

Kisichoisha kabla ya kushuka safari ya mwisho nakitupa, hasa nyama na maziwa. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria aingie na nyama wala vyakula vya maziwa kutoka nje yake, na Australia ndiyo usiseme, unatangaza kila kitu.

#12 Njiapanda

Mama Pacha nimekusoma. Biskuti bado sitaki.

#13 Sukari Kidogo

Niongeze upande ambao haujaguswa. Nina kisukari cha aina ya kwanza. Kwangu mlo wa katikati si suala la hasira.

Somo nililolipata kwa taabu: usijidunge insulini ya mlo mpaka chakula kiwe mbele yako. Mbele YAKO, si kwa mwenzako, wala "kinakuja". Nilijidunga nikiwa kwenye foleni ya mgahawa kwa kuwa niliona imebaki watu watatu. Foleni ikasimama, geti langu likabadilishwa, nikakimbia. Kukimbia nako kunashusha sukari. Nilifika getini mikono inatetemeka, jasho, maneno hayatoki sawasawa, mhudumu akadhani nimelewa. Bahati nilikuwa na vidonge vya glukosi mfukoni. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L) unakula gramu 15 za sukari ya haraka, unangoja dakika 15, unapima tena. Mfukoni, si kwenye begi lililo juu ya kiti, wala si kwenye begi lililokwenda chini. Insulini nayo iwe mkononi daima.

Kuhusu chakula maalumu ndani ya ndege: kipo, kina alama zake. DBML cha wenye kisukari, VGML kisicho na kitu cha mnyama, MOML cha Kiislamu, GFML kisicho na gluteni, na vingine. Unaagiza mapema, kwa mashirika mengi saa 24 hadi 48 kabla. Ila jambo moja: kile chakula kimefungwa kwenye ndege uliyoagizia. Ukichelewa ukahamishiwa nyingine, wewe unahama, trei yako haihami. Ndiyo maana hata mwenye chakula maalumu bado anahitaji cha mfukoni.

#14 Kiti 34K

Sukari Kidogo, pole sana. Hii ingefaa iwekwe juu kabisa ya uzi.

#15 Bwana Saa

Mimi nitachekwa, lakini acha niseme. Nilikula mlo kamili wa kuunganisha ndege, nikaagiza na kahawa ya pili, nikanyanyuka nikiwa na dakika 40. Saa ya mkononi ilikuwa ya kule nilikotoka. Uwanja uko saa moja mbele.

Simu nayo haikunisaidia, ilikuwa bado kwenye hali ya ndege, imeganda kwenye saa ya jana. Saa zote za kwenye tiketi ni za mahali husika: kufika ni kwa saa ya huko, kuondoka ni kwa saa ya hukohuko. Sasa hivi ndege ikisimama tu natafuta saa ya ukutani au ubao wa ndege. Kabla hata ya choo.

#16 Begi Moja

Bwana Saa 😂😂 kahawa ya pili!

#17 Mpishi Mstaafu

Vijana, nimepika kwenye jiko la uwanja wa ndege, ngoja niwaambie yanayotokea upande wa pili wa dirisha.

Mnaangalia foleni ya kulipa. Hiyo si foleni. Angalieni wangapi wameshalipa na wamesimama pembeni na risiti mkononi wakitazama jikoni. Hao ndio foleni. Sehemu yenye watu wawili wa kulipa na kumi na tano wanaongoja ni mtego, na sehemu yenye kumi wa kulipa na hakuna anayengoja, hiyo inakwenda.

Pili, usiulize "kuna nini". Uliza "kipi kiko tayari sasa hivi?" Muuzaji atakuonyesha kilichomo kwenye kabati la moto au kwenye friji. Ukichagua cha kukaangwa upya umenunua dakika 12 za kusimama. Ukisema "hicho, ila msiweke kitunguu", umetoka kwenye vilivyo tayari, umeingia kwenye vya kutengenezwa. Mleta uzi anafika saa 5:40, huo ni wakati mbaya kidogo: cha asubuhi kinaondolewa, cha mchana hakijatoka. Katikati hapo utaambiwa subiri kidogo, na kidogo ya jikoni si kidogo ya saa.

Tatu, mwombe akufungie cha kubeba hata kama unakusudia kukaa. Ukipata muda, utafungua ule mezani. Ukikosa, unanyanyuka nacho. Waliokula kwenye sahani ndio niliowaona wakiacha nusu.

Nne ni tumbo. Ndani ya ndege hewa inawekwa kama ya mlimani, kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Kanieneo (msukumo wa hewa) ikipungua, gesi iliyomo tumboni inatanuka, robo hadi theluthi zaidi. Maharage, kabichi, soda, ukivila dakika 20 kabla ya kupaa utajutia safari nzima na jirani yako pia. Chumvi nyingi na hewa kavu ya kule juu ni kiu isiyoisha. Na supu ya moto sana kwa mtu mwenye haraka ni kuungua ulimi, nimeona wengi.

Nilipenda watu waliokuja na chenji ndogo au kadi ya kugusisha. Aliyekuja na noti kubwa ya nchi nyingine alirudishiwa chenji ya kwetu, asiyo na pa kuitumia.

#18 Njiapanda

Mzee Mpishi, shikamoo. Hiyo ya kutazama wenye risiti sikuwahi kuiwaza.

Swali la mwisho kabla sijafunga begi: ndege ya kwanza ikichelewa nikakosa ya pili, chakula ni juu ya nani?

#19 Begi Moja

Kwanza, ziko kwenye tiketi moja? Kama ni tiketi moja, kukufikisha ni kazi yao, watakuhamishia ndege nyingine. Kama ulinunua mbili tofauti ukaziunganisha mwenyewe kichwani, kwa shirika la pili wewe ni mtu ambaye hakutokea.

Chakula kinategemea sheria ya mahali. Iliyo wazi zaidi ni ya Umoja wa Ulaya, kanuni 261 ya mwaka 2004. Ndege ikichelewa kuondoka saa 2 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, saa 3 kwa za kati, saa 4 kwa ndefu, wanatakiwa wakupe chakula na vinywaji kulingana na muda wa kungoja. Hata kama kisa ni hali ya hewa. Fidia ya pesa wanaweza kuikwepa kwa sababu ya hali ya hewa, chakula hapana. Inahusu ndege zote zinazoondoka ndani ya Umoja, na zinazoingia kama shirika ni la huko. Wasipokupa vocha, nunua cha kawaida, tunza risiti, dai baadaye. Cha kawaida, nasema, usiende kuagiza kamba-mti.

Kwingine nenda dawati la uhamisho ukaulize vocha. Huwa hawakufuati.

#20 Mlinda Lango

Nyongeza fupi. Kila uwanja una muda wa chini wa kuunganisha, na mifumo ya tiketi haikuuzii tiketi moja yenye muda pungufu ya huo. Vienna ni maarufu kwa dakika 25. Watu wakiuziwa wanadhani shirika limewahakikishia raha. Ule muda umehesabu miguu na ukaguzi tu, kijiko hakimo.

#21 Njiapanda

Wakuu, mrejesho. Nimeshafika, nimelala, nimeamka, nimewakumbuka.

Ndege ya kwanza ilichelewa dakika 20. Tukasimama kwenye maegesho saa 6:00 kamili. Mimi kiti cha 27, mlango mmoja tu ulifunguliwa, nikatoka saa 6:11. Kitu cha kwanza nikatafuta saa ya ukutani (Bwana Saa, nilicheka peke yangu). Geti linafungwa 6:40. Foleni ya ukaguzi ikanila dakika 9. Nikabaki na 20, zilezile za Begi Moja za post ya pili, ambazo Mlinda Lango alinirudishia 10 na ndege ikazichukua tena.

Ramani ya uwanja nilikuwa nimeiangalia usiku kwenye simu. Geti langu lilikuwa na vibanda vitatu jirani. Nikafika, nikaliona geti kwa macho, nikageuka. Kibanda cha kwanza watu watano wa kulipa, lakini wenye risiti walijaa kama wanangoja matokeo ya mtihani. Cha pili wanne wa kulipa, hakuna anayengoja. Nikauliza kilicho tayari. Mkate wenye kuku na majani, umefungwa. Nikalipa, nikajaza chupa, nikakaa kiti kinachotazama geti. Nimekula nusu nikiwa nimekaa, wakaanza kupanga watu kwa makundi, robo nikaila kwenye mstari nimesimama, robo ya mwisho nikaingia nayo mfukoni kwenye karatasi yake. Saa 6:36 nilikuwa nimeshakaa. Hakukuwa na sahani wala uma.

Ndege ikasogea 6:55. Kisha ikasimama pembeni ya njia ya kurukia dakika 50. Msongamano, rubani akasema. Mikanda imefungwa, hakuna huduma. Ile robo iliisha dakika ya tano.

#22 Mama Pacha

Hongera kwa kufika salama. Sasa hizo dakika 50 ulikula nini?

#23 Njiapanda

Mama Pacha, naomba usiniulize hivyo mbele za watu.

#24 Mama Pacha

Za chumvi au za sukari?

#25 Njiapanda

Za chumvi. Pakiti mbili. Jirani yangu wa dirishani naye aliomba.